Nyangumi wa Makote

Makote hakuna anayejua kuogelea, na si kwamba sisi ni waoga. Tuogelee wapi? Sisi wa mlimani maji tuliyateremkia bondeni tukayapandisha kichwani, na mtu aliyepanda ule mlima na ndoo hawezi hata kuota kujitumbukiza ndani ya maji kwa starehe. Kuoga kwenyewe tulioga kwa kopo, na ukichota kopo la ziada uliulizwa la nini. Kwa hiyo ilipojulikana kwamba Makote yupo mwanamume mmoja anayeogelea, tena baharini, sifa zake zilivuka mpaka wa kata. Mwanamume huyo alikuwa baba yangu, Mwalimu Cecil. Watu walimwita Nyangumi.

Alilipenda jina hilo kuliko ualimu, na kuliko kazi yake ya kusoma masomo kanisani, ingawa Jumapili alisoma kwa sauti ya mtu aliyeiandika Biblia yeye mwenyewe. Alikuwa mfupi na mwembamba, na kaptura yake ya kaki ilishikwa na mkanda uliomzunguka karibu mara mbili. Ungemwona akipita sokoni usingesema nyangumi. Lakini sisi wanawe, mimi Rose na kaka yangu Godwin, tulikuwa mashahidi. Tulimwona kwa macho yetu.

Ilikuwa hivi. Miaka ya sabini, korosho zikiwa bado korosho, malori ya ushirika yalizibeba kutoka kwetu mpaka bandarini Mtwara, na dereva mmoja alikuwa mwanafunzi wa zamani wa baba, mmoja wa wale waliochapwa wakashukuru. Likizo ya Desemba alitupakia juu ya magunia, familia nzima, na gunia letu la makopa ya muhogo la kumpelekea mwenyeji. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Swalehe, rafiki wa baba, aliyekuwa na minazi na banda la makuti ufukweni, mbele kidogo ya Mikindani. Sisi tulipaita Kwa Swalehe. Watu wengine duniani wana Makka, wana Roma, na sisi tulikuwa na Kwa Swalehe.

Mbele ya banda, ndani ya maji, palikuwa na jiwe. Lilikuwa mbali kiasi kwamba aliyesimama juu yake ulimtambua kwa kaptura tu. Tulikaa siku tatu nne tu, siku alizozichagua baba mwenyewe, na kila asubuhi tulipoamka tulimkuta juu ya lile jiwe, amelowa chapachapa, anatupungia mkono, na kati yake na sisi ni maji matupu yenye kina kirefu. Halafu aliteremka upande wa pili akatoweka. Mama alichemsha chai bila wasiwasi wowote. Baada ya muda baba alitokea upande wa kushoto, kwenye miti ya mivinje, akihema, na maneno yake yalikuwa yale yale mwaka hadi mwaka, kwamba mkondo wa leo, wanangu, si mchezo, umenitupa kule.

Kule kwenye mivinje sisi tulikatazwa kukanyaga. Baba, aliyekuwa ametumia nusu ya maisha yake kuwaambia watu wa Makote kwamba mizimu haipo, alituambia kule kuna mizimu. Tulimwamini kote kuwili.

Na mama? Mama yangu Esther, mzaliwa wa Lupaso, alikuwa na wazimu wake mdogo uliotufurahisha sana. Alikwenda pwani na ufagio. Juu ya lori, kati ya magunia, ufagio ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupanda. Na kila alfajiri, kabla hatujafumbua macho, alifagia mchanga wa bahari kama anavyofagia uwanja wa nyumbani, kuanzia mlangoni mwa banda. Mzee Swalehe alicheka mpaka akakaa chini. Alimwambia, Mama Godwin, pwani hii Mungu mwenyewe anaifagia kwa maji, wewe unamsaidia nini? Mama alijibu kwamba kwake hapapambazuki uwanja mchafu, akaendelea. Sisi watoto tulimwiga nyuma yake kwa vijiti. Yakawa ndiyo maneno ya mzaha nyumbani kwetu: mtu akifanya kazi isiyo na maana, tulimwambia anafagia pwani.

Baadaye mambo yakaharibika. Vijiji vilihamishwa, mikorosho ikabaki mbali na wenyewe ikamezwa na pori, ugonjwa ukaingia kwenye maua, vita ikaja, mafuta yakakosekana, na lori likawekwa juu ya mawe likawa nyumba ya kuku. Kwa Swalehe hatukwenda tena. Lakini sifa za baba hazikupungua, bali ziliongezeka, kama uongo wowote unaokaa mbali na ushahidi. Kufika miaka ya tisini jiwe lilikuwa limeshasogea katikati ya bahari, na papa wawili walikuwa wameingia kwenye hadithi bila kualikwa.

Wakati wa ruksa ukafika, wa soko huria na kila mtu na lwake. Mimi soko huria sikulipenda na silipendi mpaka leo. Nilikuwa fundi cherehani Newala mjini, nashona gauni kwa siku mbili, halafu linafunguliwa robota la mitumba sokoni, na mwanamke anaondoka na gauni la Ulaya kwa bei ya vifungo vyangu. Lakini Godwin alinawiri. Aliwanunulia korosho matajiri binafsi wa Mtwara, akapata pikapu, akapata na tumbo. Na mwaka tisini na nne, Jumapili moja baada ya ibada, alitangaza mbele ya watu kwamba anatupeleka wote Kwa Swalehe, ili mwanawe Gift akamwone babu yake akiogelea.

Baba alikuwa na miaka sitini na nane. Nilimwona akishika mkanda wake.

Sasa hilo lingeishia kuwa jambo la familia, kama Mzee Muharami asingesikia. Muharami alikuwa jirani yetu, Myao, zamani mpima korosho wa chama cha msingi. Wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao, yeye alibaki na mdomo. Sisi ni Wamakonde, kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na kwa baba alikuwa mtani wa kila siku: walitukanana asubuhi, wakala pamoja mchana. Alisema na yeye anakwenda. Amesikia habari za nyangumi huyu miaka ishirini, sasa anataka kumwona ndani ya maji yake.

Asiyetoka kwetu pengine hajui mtani anafanya nini msibani. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha pale wote wanapolia. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, na yale marehemu aliyoyaficha maisha yake yote anayaanika uwanjani, na hakuna wa kumkasirikia. Alipokufa mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akihubiri sana dhidi ya pombe, Muharami aliingia msibani akipepesuka, Biblia mkono mmoja na kibuyu mkono wa pili, na mjane mwenyewe alicheka mpaka kilemba kikadondoka. Hakuna Makote nzima aliyeigiza wafu kama Muharami. Mtu hakuogopa kufa kama alivyoogopa kufa kabla ya Muharami.

Jioni ile nilikuwa ndani napiga pasi, nikamsikia baba nje akizungumza na mama kwa sauti ya chini.

"Mama Godwin, huyu haendi kutembea. Anakwenda kuchukua ya kuigiza mbele ya jeneza langu."

Mama alimwambia ale, chakula kinapoa.

Nilidhani anaogopa uzee. Katika mawazo nilimwona akizama mbele ya mjukuu wake, au, kama hakuzama, akishindwa na kurudi ufukweni akikohoa, na Muharami akihifadhi kile kikohozi kichwani kwa matumizi ya baadaye. Moyo uliniuma. Mtu amefundisha watoto wa watu miaka arobaini, na kitakachokumbukwa ni jinsi alivyomeza maji.

Baba aliomba safari isogezwe wiki moja mbele, mpaka mwezi ukae vizuri. Godwin alisema pikapu ina taa, haihitaji mwezi. Baba alikataa kata kata, na kwa kuwa ni baba, tukangoja mwezi. Gift, aliyekuwa na miaka tisa na mwalimu wa sayansi anayempenda, alimwuliza babu yake kwa nini hakuwafundisha watu wa Makote kuogelea.

"Niwafundishie wapi," baba alisema, "kwenye ndoo?"

Godwin akamletea zawadi kutoka kwenye robota, kaptura ya kuogelea ya maua mekundu makubwa. Mama aliigeuza mbele na nyuma, akauliza mwenyewe alikufa au alikimbia.

Tulifika Kwa Swalehe mchana, maji yakiwa yamejaa. Mzee Swalehe alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, lakini mjane wake, Bi Sikudhani, alitupokea kwa vigelegele na banda lilikuwa limeezekwa upya. Pembeni palikuwa na kibanda cha kuuza soda chenye redio, mambo ya ruksa, lakini vingine vyote vilikuwa pale pale. Jiwe lilikuwa pale pale. Niliona limesogea karibu kidogo kuliko la hadithi, ila bado maji yalilizunguka, na baba alilitazama kama mtu anayetazama mdai.

Gift alisimama mbele ya bahari kwa muda mrefu, kisha akauliza haya maji ni ya mradi wa nani. Mzee Muharami aliingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Alisema sasa ameelewa kwa nini yameachwa mengi namna hii.

Halafu akaketi juu ya gogo, akakunja miguu, akamwambia baba aanze. Baba alieleza kwamba yeye huogelea alfajiri tu, tumbo likiwa tupu, ndivyo alivyofanya tangu zamani, waulizeni watoto. Tulikubali, ndivyo ilivyokuwa. Muharami akatikisa kichwa.

"Njia ya mwongo ni fupi, Mwalimu. Kesho nitaamka kabla yako."

Usiku ule kulikuwa na wali wa nazi na samaki, na mama alimpakulia Muharami sahani ya watu wawili. Alipomaliza akamwongezea. Aliposema ameshiba, mama alimuuliza kama chakula cha Wamakonde kina kasoro, na mtani gani atakubali kuambiwa hivyo, akala tena. Wakati huo huo nilimsikia mama akimuuliza Bi Sikudhani maji siku hizi yanapwa saa ngapi. Nilidhani anatafuta mazungumzo.

Kitu pekee kilichonihuzunisha ni kuona ufagio kwenye mizigo yetu. Mwaka uliopita mama alianguka na ndoo, akaumia kiuno, na tangu hapo alitembea kwa fimbo na hakuweza kuinama. Uwanja wa nyumbani nilimfagilia mimi, au watoto wa jirani. Niliwaza, maskini, ameuleta kwa mazoea.

Nilizinduka kabla ya jua. Nilisikia mtu anaguna kwa maumivu. Mama alikuwa mlangoni, mkono mmoja ameshika nguzo ya banda, mkono wa pili ameshika ufagio, anajaribu kuinama na kiuno kinakataa. Anajaribu tena. Ndani, Godwin na Gift walilala, na Muharami alikoroma kwa uzito wa ule wali. Baba hakuwepo kwenye mkeka wake.

Nilitoka kumzuia mama, nikamwambia aache, hii ni pwani, nani atamlaumu. Alinionyesha chini kwa ufagio.

Mchanga ulikuwa na nyayo. Nilizijua, miguu midogo, kidole gumba cha kushoto kimepinda. Zilitoka mlangoni kwetu. Lakini hazikuelekea majini. Zilipinda kushoto, zikaenda moja kwa moja kwenye mivinje, kwenye mizimu. Nikazifuata mpaka nyuma ya miti. Kule, maji yalipokuwa yamepwa, mchanga ulikuwa umejitokeza kama ulimi, mweupe, mkavu, ukapita nyuma ya rasi ndogo ambayo kutoka bandani huioni, ukafika mpaka mgongoni mwa lile jiwe. Na juu ya ule ulimi, katika kaptura ya maua mekundu, baba yangu mzee alikuwa anatembea taratibu, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu anayekagua usafi. Alipolifikia jiwe aliinama, akachota maji kwa viganja, akajimwagia kichwani.

Nilirudi kwa mama mbio. Nilikuwa na maneno mengi. Miaka yote ile, mkondo wote ule, papa wawili. Na yeye tuliyemcheka na kumwiga kwa vijiti, akifagia kutoka mlangoni kuelekea kushoto, kila alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Nyayo za kurudi zilikuwa na mkondo wa kuzieleza. Za kwendea hazikuwa na kitu ila ufagio.

"Anajua kwamba unajua?" ndilo lililonitoka.

"Hajawahi kuniuliza kwa nini nafagia," mama alisema. Kisha akanipa ufagio. "Fagia, mwanangu. Watoto wanaamka."

Nikafagia. Mimi niliyekuja na huruma yangu kwa mama mwenye mazoea, nilifagia ule ufuko kama nalipwa kwa punje, kutoka mlangoni mpaka kwenye mivinje, jasho likinitoka, nikimkasirikia baba kwa kila unyayo na kumpenda kwa kila unyayo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilikuwa ndefu kwa sababu ilikuwa na mfagiaji.

Nilikuwa nimemaliza tu Gift alipotoka, akapiga kelele. Babu alikuwa juu ya jiwe, amelowa, anatupungia mkono, na mbele yake maji matupu. Godwin alitoka na macho ya usingizi, akaanza kulia, mfanyabiashara mzima mwenye tumbo. Mzee Muharami alitoka mwisho. Alitazama jiwe. Alitazama mchanga, uliofagiliwa mistari mizuri. Alinitazama mimi na ufagio wangu, na jasho langu asubuhi ya baridi ile.

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba. Kisha akauliza tangu lini nimeanza kufagia pwani.

"Kwetu hapapambazuki uwanja mchafu," nilisema.

Aliifuata ile mistari kwa macho mpaka kwenye mivinje. Akakaa juu ya lile gogo lake mpaka baba alipotokea kwenye mivinje akihema, akilaumu mkondo wa siku hizi, ambao alisema umekuwa mkali tangu soko huria lije. Muharami aliinuka, akavua koti lake, akamfunika mabegani.

"Pole na safari, Nyangumi," alisema, na njia nzima ya kurudi Makote hakumtania hata kidogo. Baba aliona ni ushindi. Mimi niliona ni hatari, kwa sababu mtani anayenyamaza anaweka akiba.

Baba alikufa baada ya miaka mitatu, kwa homa ya siku chache. Kanisa lilijaa, wanafunzi wake walikuja kutoka Masasi na Lukuledi, wengine wazee kuliko yeye kwa kuwatazama. Tulipokuwa tumekaa uwanjani, jeneza likiwa bado ndani, wanaume wakasogea na Mzee Muharami akaingia.

Alikuwa amevaa kaptura ya maua mekundu juu ya suruali yake. Sijui nani alimpa. Watu walishaanza kucheka kabla hajafanya lolote. Alisoma kwanza somo kwa sauti ya baba, akimeza mate pale pale baba alipokuwa akimeza. Akashika mkanda. Kisha, mbele ya mlango wetu, akajitupa kifudifudi kwenye vumbi la Makote na kuanza kuogelea. Alipiga mikono, akapiga miguu, akainua kichwa kuvuta pumzi, akasimulia papa wa kwanza na papa wa pili. Alivuka uwanja mzima kwa tumbo mpaka chini ya mkorosho wa kushoto, na huko akasimama, amejaa vumbi, akapunga mkono. Walimu wazima walilia kwa kucheka. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mama, nangoja. Nilijua bado hajamaliza. Sasa atasema.

Hakusema. Alitembea mpaka ukutani ulipokuwa ufagio wa mama, akauchukua, akaanza kufagia. Alifagia ile alama ya tumbo lake kwenye vumbi, kuanzia mlangoni kuelekea kushoto, polepole, hakuacha hata mstari mmoja. Waombolezaji walidhani anatengeneza uwanja ili jeneza litoke, na mmoja alimsifu kwamba mtani huyu ana adabu. Alipomaliza aliurudisha ufagio mahali pake, akamtazama mama mara moja tu, akaenda kukaa na wenzake.

Mama alijifunika kanga usoni. Mabega yake yakaanza kutikisika. Wanawake walimsogelea wakampigapiga mgongoni, wakimwambia lia, Mama Godwin, lia tu usijizuie, na mimi niliyekuwa nimemshika mkono ndiye pekee niliyejua kwamba anacheka.